Utando Usiotanuka

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa mgonjwa, nilikabidhiwa mguu wa mbuzi. Daktari Mfawidhi wa hospitali yetu ya wilaya, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, alikuwa ameununua mnadani. Akauweka mezani mbele yetu wauguzi wapya, akatuambia tuuchune.

Ngozi ilipovutwa, utando mwepesi mweupe ulikatika kwa vidole tu. "Hiyo ni tishu unganishi legevu," akasema. "Inashikiza ngozi na kupitisha mishipa midogo. Endeleeni." Tukakuta mafuta, nayo ni tishu unganishi, ghala la nguvu na godoro la viungo. Tukakuta kano, inayofunga msuli kwenye mfupa, na ligamenti, inayofunga mfupa kwa mfupa. Mifupa inapokutana, gegedu laini likateleza chini ya kidole changu. Aliposema mfupa wenyewe ni wa ukoo huohuo, na damu pia, nilicheka.

"Unacheka nini, binti? Kote huko utakuta seli zimekaa mbalimbali, na katikati yake kuna kitu kinachozizunguka. Kwenye mfupa kimejaa madini, kwenye damu ni majimaji, kwenye kano ni nyuzi za kolajeni. Misuli mnaila. Hivi mnavyovitema ndivyo vinavyowasimamisha."

Mwishoni akatuonyesha utando unaong'aa juu ya nyama, ule unaowasumbua wapishi, akatuamuru tuuvute. Tulivuta mpaka vidole vikauma. Haukutanuka.

Baadaye nilihamishiwa Mungaa, nikafunga majeraha ya pembe za ng'ombe, kisha upande wa Sekenke, ambako wachimbaji walikuja na magoti yaliyochanika ligamenti. Nikajiona najua kazi. Ndipo nikapangiwa chumba cha upasuaji cha kituo kimoja cha afya pembeni mwa vichaka vya Itigi, chini ya Daktari Msaidizi, mama mrefu mwenye hasira za karibu.

Mchana mmoja akaletwa Ramadhani, mrina asali, aliyeanguka mtini siku iliyotangulia na kuvunjika muundi, mfupa wa mbele chini ya goti. Baba yake, Mzee Ntandu, fundi wa kuunga mifupa aliyeheshimika vijiji vyote vya kule, alikuwa ameufunga mguu kwa vijiti na kamba za magome mabichi, kama alivyofundishwa na wazee wake. Magome mabichi hushika vizuri. Tatizo ni kwamba yakikauka hujikaza, na mguu nao huwa unavimba.

Vidole vilikuwa vya baridi. Nilipokinyanyua kidole gumba kidogo tu, Ramadhani aliuma shuka.

"Kamba hizi zikatwe sasa hivi," akasema Daktari Msaidizi.

Mzee akaweka kiganja juu ya mguu. "Hazikatwi. Aliyefunga ndiye anayefungua, na mimi sijafungua. Mkimgusa, mfupa utapotea njia."

Daktari akachukua mkasi. Ndugu wa mgonjwa waliokuwa mlangoni wakasogea ndani. Nilijua tukianza kuvutana na watu hawa, msuli utakufa tukiwa tunabishana. Nikapiga magoti mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Umechinja mbuzi wengi. Ule utando unaong'aa juu ya nyama, umewahi kuuona ukitanuka?"

"Hautanuki ule."

"Basi nyama ya mwanao imevimba ndani ya utando huo, damu haipiti. Kamba zako zimebana nje, mwili wake mwenyewe umebana ndani. Wewe fungua za nje, daktari afungue wa ndani."

"Na usipofunguliwa?"

"Tutaukata mguu, mzee. Tukichelewa zaidi mtamzika."

Akaanza kufungua. Mafundo yalikuwa yamekauka, na sisi wote tumesimama tunamwangalia. Akajaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno. Hatimaye, bila kuinua uso, akanyoosha mkono kwa daktari. "Nipe huo mkasi."

Katika chumba cha upasuaji, Daktari Msaidizi alipasua ngozi toka chini ya goti hadi karibu na kifundo, kisha ule utando. Msuli ukachomoza, mweusi kama ini. Akaubana kwa koleo kuona kama bado u hai, haukutikisika. Niliogopa sana, sifichi. Akangoja, akaubana tena. Rangi ikaanza kurudi polepole, na safari hii msuli ukashtuka.

Mguu ulipona, ila unyayo ulibaki ukiburuzika kidogo, na Ramadhani hakupanda mti tena. Baba yake naye hakumfunga mtu mwingine. Daktari Msaidizi alimfuata hadi kwake kumwomba aendelee, atumie vitambaa na kupima joto la vidole, maana watu wa kule wako mbali nasi. Akakataa.

Sasa nimestaafu. Wauguzi wa leo hujifunza tishu kwa picha za simu, na wanazijua vizuri kuliko nilivyozijua mimi. Ninachoshindwa kuwaeleza ni uzito wa kumwambia mzazi kwamba mkono wake ndio unaomwua mwanawe.

Juzi Ramadhani alipita kwangu akiuza asali ya wenzake. Nikamwuliza habari za mzee.

"Tulimzika, mama. Miaka yote hii, kila asubuhi alikuwa anakuja kunishika vidole vya mguu kabla sijatoka kitandani. Namwambia, baba, huu umeshapona. Anashika tu, anaondoka."

Akashusha ndoo yake chini.

"Kesho yake baada ya mazishi nilichelewa sana kutoka kitandani. Nilikuwa nimeutoa mguu nje ya blanketi, nangoja."