Kuhama Benchi

Fundi viatu walimwita Gundi, na hakuna aliyekumbuka tena kama jina lilitoka kwenye kopo lililokaa miguuni pake mchana kutwa, au ni kwa sababu neno likishamganda halibanduki. Kibanda chake kilitazamana na ukumbi wa video. Kila Jumamosi alasiri alifunika nyundo na sindano zake kwa gunia, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha akavuka barabara kwenda kutazama vita.

Hakutazama kingine. Filamu za mapenzi aliwaachia wenye mapenzi. Za vita alizitazama kama anavyotazama kiatu kilichoshonwa na fundi mwingine, akitafuta mahali patakapofumuka.

"Hawa watengenezaji hawajui vita," alisema. "Kijiji kizima kinawaka, na hakuna hata mama mmoja anayerudi kuchukua sufuria. Mmeona wapi nyie?"

Waliomkera zaidi walikuwa wale wanaokimbia. Askari wa filamu ana jina, ana picha ya mchumba mfukoni, na akifa muziki unamlilia. Wanaokimbia ni miguu tu. "Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hawa wana kamera za kila aina, na bado wanawapiga picha fahali."

Ukumbi ule ulianzishwa na shemeji yake, mume wa dada yake, enzi ambazo mashine ilipata moto katikati ya filamu ikabidi ipumzishwe. Shemeji hakupenda watu wakae kupiga miayo. Akapanga mabenchi pande mbili na kuacha njia katikati. Filamu ikianza na ugomvi ukajulikana, anayewaunga mkono walioshika nchi alikaa kushoto. Anayewaunga mkono wanaotaka kuwang'oa alikaa kulia. Mashine ikizimwa, madirisha yalifunguliwa na ubishi ukaanza. Aliyebadili mawazo alisimama mbele ya wote, akavuka njia, akasema sababu yake, akakaa na wenzake wapya. Huko kuliitwa kuhama benchi, na hakuna aliyezomewa kwa kuhama. Siku hizi mtu akibadili mawazo hubadili na namba ya simu.

Gundi alikaa kushoto. "Aliyeshika nchi angalau njaa yake tunaijua," ndiyo ilikuwa hoja yake. Upande wa kulia, benchi la mbele, alikaa kinyozi wa kibanda kilicho jirani na ukumbi.

"Aliyekalia kiti sana, kiti humwota makalioni," kinyozi alimjibu. "Na bila mtu wa kurusha jiwe la kwanza, hizo nyasi zako zitakanyagwa kimyakimya."

Hawa wawili walikuwa wamekua pamoja. Jina la Gundi lenyewe kinyozi ndiye aliyelitoa, ingawa sababu naye alishaisahau. Lakini mwaka wa uchaguzi ule mbaya, kinyozi alipigilia msumari juu ya mlango wake, akatundika bendera, akatangaza kwamba hanyoi kichwa cha chama kingine. Gundi akakipeleka kichwa chake kwingine. Tangu hapo hawakusalimiana barabarani wala msibani. Kwenye mapumziko ya filamu tu ndipo waliposemeshana, kwa sababu pale ilikuwa desturi, na desturi haihesabiki kuwa ni kuanza kusalimu.

Shemeji alipofariki, ukumbi ukaangukia kwa mwanawe. Siku moja kijana huyo alileta ndala ishonwe, akabaki amesimama kwa mguu mmoja.

"Mjomba, Jumamosi hii mashine mpya inaanza. Mapumziko basi."

"Basi vipi?"

"Hii haipati moto. Na wateja wanalalamika. Wanasema wamekuja kuona filamu, si kusikiliza wazee."

"Watu watachoka."

"Wakichoka kuna soda."

"Na mwenye la kusema?"

"Mjomba, watu wanasema kwenye simu siku hizi."

Gundi aliuma uzi, akaukata. Bila mapumziko, yeye na kinyozi wangebaki kusikia vikohozi vyao tu gizani, mpaka mmoja aje kumzika mwenzake. Angemwambia nini mpwa wake, kwamba anamhitaji mtu asiyemsalimia? Akamrudishia ndala.

Jumamosi walionyesha filamu ya majenerali wawili na daraja. Gundi alikaa kushoto. Kinyozi alikaa kulia, miguu kaielekeza njiani. Wengine walikaa popote, nyuso zao zikimulikwa na simu.

Pale ambapo zamani mashine ingezimwa, askari wa serikali walichoma mtaa. Watu wakakimbia, miguu tu kama kawaida. Halafu mama mmoja akasimama. Akageuka, akaingia kwenye moshi, akatoka amekumbatia sufuria.

Gundi alisubiri madirisha yafunguliwe. Yalibaki yamefungwa. Mizinga ikaendelea.

Akasimama. Kivuli chake kikapanda ukutani, kikafunika kifaru kizima.

"Mzee, kaa chini!"

"Toa kichwa, babu! Unatuzibia vita!"

Alivuka njia, akajibana karibu na kinyozi. Kinyozi hakugeuza shingo.

"Umepotea?"

"Nimehama."

"Mapumziko hakuna."

"Ndiyo maana nimehama bila mapumziko."

"Sema sababu, basi. Desturi ni desturi."

"Yule mama karudi kuchukua sufuria. Siwezi kukaa na waliomchomea."

Kinyozi alisogea kumpa nafasi. "Mimi ndiye niliyetaka kuja kwako. Wale wangu wamelipua daraja na watu wapo juu yake."

"Mbona hukusimama?"

"Goti."

"Goti! Umeshindwa hoja, unasingizia goti."

"Nani kashindwa? Aliyehama ni nani?"

Sauti zilikwishapanda. Mpwa akaja na tochi, akaimulika sakafu kwa adabu. "Mjomba, na wewe baba, nawaomba mtoke nje. Watu wananidai utulivu."

Walikaa kwenye ngazi ya baraza. Jua bado lilikuwa kali. Nje hapakuwa na desturi yoyote ya kuwasaidia, hivyo kwa muda walitazama barabara tu. Nyuma yao ukuta ulitetemeka.

"Hilo ni daraja la pili," kinyozi akasema.

"Si daraja. Ni ghala. Daraja hulia maji."

"Tangu lini daraja likalia maji?"

Wakaendelea hivyo, wakipigana vita vya watu kwa kusikia. Milango ilipofunguliwa watazamaji walitoka vichwa vimeinama kwenye simu, wala hakuna aliyebishana na mwenzake. Kinyozi alimshika mmoja mkono.

"Nani kashinda?"

"Kushinda nini, mzee?"

"Vita."

"Aa. Kuna sehemu ya pili." Akaenda zake.

Gundi alicheka mpaka akakohoa. Kinyozi alikitazama kichwa chake kwa mara ya kwanza kwenye mwanga.

"Nani anakunyoa wewe?"

"Mdogo wa mke wangu."

"Ana kisasi na ukoo wenu?" Alimgeuza kisogo kwa vidole viwili, kama mteja. "Pita Jumatatu. Bendera nilishaitoa zamani."

"Nimeona. Msumari umebaki."

"Msumari haumdhuru mtu."

Jumatatu asubuhi Gundi alifunika nyundo na sindano zake kwa gunia, akavuka barabara akiwa na koleo la kung'olea misumari. Kinyozi alimwona kwenye kioo, akamwambia koleo lilale nje. Ubishi ukaanza kabla wembe haujagusa kichwa.