Nilivyoitwa kikao cha ukoo Mahajanga kwa sababu ya bibi wa kwenye gemu

Wakuu, habari za mchana.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Mashahidi wapo, tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja anayesoma Kiswahili. Itabidi mniamini hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa friji na AC. Huu ni mwaka wa sita niko Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, nahudumia hoteli za ufukwe wa Ambondrona. Mvua zikianza wageni wanapotea, fundi unabaki unahesabu nyufa za dari.

Ndipo nikajiingiza kwenye kucheza gemu ndogo ndogo, zile zinazotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake. Kuna site moja wanaziweka, sisi tunacheza na kuwaandikia feedback. Wakuu, nilikuwa mkali! Ungedhani nimeteuliwa jaji.

Huko nikafahamiana na Nasra, dada wa mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga. Anafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Familia yake ina asili ya Komoro. Tulikuwa tunaandikiana Kifaransa kwenye simu, maana Kiswahili hajui, na Kikomoro mimi nakiokota nusu nusu.

Gemu yake ilikuwa hivi. Umebeba sufuria ya pilau, unatakiwa uiingize kwenye nyumba yenye harusi. Mlangoni amekaa bibi kizee. Anakuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Ukiandika jina, anauliza, "Nani huyo?" Ukimjibu, anauliza mama yake huyo naye ni nani. Mnakwenda hivyo mpaka pilau linapoa. Umeshindwa, anza upya.

Nilikaa na yule bibi siku tatu.

Nilimpa majina ya ukoo mzima. Yalipoisha nikampa ya majirani. Wapi!

Siku ya nne nikamwandikia Nasra kwa hasira: "Kikongwe wa mlangoni hana faida. Mfute. Hakuna atakayemkumbuka. Ukishindwa, niambie nije nimfute mwenyewe."

Sasa hapa naomba utulivu wenu. Kwanza, lile neno la Kifaransa nililotumia kwa maana ya kufuta, ndilo hilo hilo hutumika kwa kumuua mtu.

Pili, jambo ambalo sikulijua: yule bibi yupo. Ni bibi mzaa mama wa Nasra, wote pale nyumbani wanamwita Koko, yaani bibi kwa Kikomoro. Nasra alimchora vile vile alivyo, na miwani yake.

Ujumbe uliingia simu ya Nasra ikiwa mezani. Mjomba wa Nasra akausoma.

Baadaye nikapigiwa na namba nisiyoijua. Niko juu ya ngazi, network inakatika. Nikasikia tu "mama yangu" na "unakuja lini". Nikajua ni mteja, friji la mama yake limekufa.

Nikamjibu, "Alhamisi, kaka. Usiwe na wasiwasi, kazi yenyewe dakika kumi tu."

Simu ikakatwa.

Haikupita nusu saa Nasra akapiga, analia. Aliyenipigia alikuwa mjomba, na sasa amechukua laptop, anataka kila kitu kifutwe. Kazi ya miaka miwili! Aliyemzuia ni Koko mwenyewe. Koko alisema, "Mwacheni aje. Nataka kumwona."

Ningeweza kuzima simu nikaendelea na maisha. Lakini mdomo ulikuwa wangu, na laptop ilikuwa ya mtu mwingine. Nikavuka kwa boti, nikasafiri kwa gari siku mbili.

Nafika Mahabibo, Koko yuko mlangoni. Kiti kile, miwani ile. Nyuma yake ndugu saba wamesimama, na mjomba mbele yao kakunja mikono.

"Kwezi, Koko," nikamwamkia kwa Kikomoro, heshima zote.

"Mbona," akaitikia, ndiyo "marahaba" yao. Kisha kwa Kimalagasi: "Wewe mtoto wa nani?"

Wakuu, swali lile lile la kwenye gemu!

Nikamtaja baba. "Nani huyo?" Nikamtaja babu. "Mama yake nani?" Jua la saa sita, jasho linanitiririka, Nasra kaziba mdomo kwa mtandio. Mwisho nikasema ukweli: "Simjui, Koko. Alikufa zamani, hatukuwahi kuambiwa jina."

Akasogeza kiti. "Ingia. Mwenye nia mbaya hakosi jina la kutaja."

Na mnajua nini? Kwenye gemu kitufe cha "sijui" kilikuwepo muda wote. Sikuwahi kukibonyeza.

Ndani nikaeleza habari ya neno lile na ya ile simu ya friji. Mjomba hakuniamini kuwa ni fundi mpaka nilipofungua friji lao. Koko alinisikiliza hadi mwisho, akasema taratibu kwa Kikomoro, Nasra akinitafsiria:

"Miaka ya sabini, wakati wa zile vurugu, watu wa asili yetu waliuawa hapa mjini, na wengi wakapakiwa kupelekwa Komoro. Mimi nilikaa mlangoni, wanangu ndani, kila anayekuja namuuliza ni nani. Waliotaka kunifuta ni wengi. Wewe ndiye wa kwanza kuleta taarifa kwa maandishi."

Mimi niliangalia mkeka.

Halafu akaagiza laptop iletwe, acheze.

Akakataliwa mlangoni na bibi wa kwenye gemu.

"Mimi ndiye mwenye nyumba!" akaipigia kelele skrini. Akarudia, akakataliwa tena. Mjomba akajaribu kumnong'oneza jibu, akafukuzwa chumbani. Mara ya nne pilau likapoa, Koko akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Huyu bibi wa mlangoni anaijua kazi," akasema. "Asiguswe. Ila hiyo sufuria haina mfuniko, nani anabeba pilau la harusi wazi?"

Nasra akarudishiwa laptop yake pale pale. Mfuniko ulichorwa siku hiyo hiyo, na kwa kweli gemu imekuwa nzuri zaidi. Mimi kwa siku zangu tatu sikuona kwamba haupo.

Nilichojifunza: ukipewa kazi ya mtu uitolee maoni, sema umekwama wapi, basi. Usikimbilie kusema nani aondolewe. Hujui amechorwa kutoka kwa nani, wala amepitia nini mpaka akakaa pale.

Naomba michango yenu. Kuna mwingine humu amewahi kusomewa mashtaka mbele ya ukoo kwa ajili ya gemu, au ni mimi peke yangu?