Ruhusa Ambazo Dada Hakuniazima

Mnisamehe kwanza. Mwandiko wangu hupanda na kushuka, na maneno mengine nimeyaandika vile huyasikia. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua siku tatu. Lakini kuna mtu nataka mumjue.

Nafanya kazi kiwanda cha biskuti, Eneo la Viwanda Thika, na nakaa Makongeni. Nilianza kwa kubeba katoni. Mwandishi wa orodha za upakiaji alipohama, supavaiza aliuliza nani anaweza kutumia kompyuta. Niliinua mkono nusu, kwa aibu. Ndivyo nilivyokutana na dada anayesimamia kompyuta zote za kiwanda. Hutoka Kimbo kule Ruiru, na kila siku hufika kabla ya king'ora.

Aliniona nikifuta orodha ya jana mstari kwa mstari, akacheka.

"Kijana, unafagia uwanja na mswaki?"

Akanifundisha kuandika programu ndogo inayokaa ndani ya hifadhidata yenyewe, mle zinamotunzwa rekodi zote. Nikishachapisha orodha ya jana, naiendesha, nayo inaifuta. Ruhusa zangu zilifika kwenye mistari ya upakiaji tu, kwa hiyo ilifuta ya upakiaji tu. Sikuwahi kuandika kitu kikatii hivyo. Nilijivunia sana, ingawa sikumwambia mtu.

Asubuhi moja mashine yangu ilikwama. Nikamwomba dada aniendeshee programu yangu kutoka mezani kwake. Aliiendesha bila kuisoma tena. Programu ilikuwa yangu, lakini sasa ilikuwa inatumia ruhusa zake, na ruhusa zake hufika kila idara. Ikafuta orodha za jana za kiwanda kizima, hata za tanuri ambazo hazikuwa zimechapishwa.

Malori yalikuwa yamejipanga getini. Bila orodha hizo hakuna aliyejua katoni ipi imetoka tanuri lipi, na katoni isiyojulikana haitoki. Supavaiza alikuja mbio.

"Si nilisema? Mtu wa katoni arudi kwa katoni! Leo!"

Dada ndiye aliyejibu.

"Mzee, mkono ulioendesha ni wangu. Nipe mpaka saa sita."

Kabla ya saa sita alikuwa amerudisha kila mstari kutoka nakala ya akiba, na malori yakaondoka. Supavaiza alipoa, lakini si sana. "Huyu hagusi kompyuta mpaka unionyeshe haitarudia. Saa kumi nakuja kuangalia."

Tulitoka kwenda kula chapati na maharagwe. Sasa, pale getini kuna desturi: kila mfanyakazi hukaguliwa mfuko, ila anayetembea na mkubwa hupita tu. Soja anayelinda geti alipotuona, alisogea kando.

"Madam, pita. Pita na huyo wako."

Dada alisimama. "Mkague."

"Haiya! Si yuko na wewe?"

"Ametembea na mimi. Hajakuwa mimi."

Nikafungua mfuko. Mlikuwa na sweta na nusu mkate, na soja akacheka mpaka nikatazama chini. Tulipokaa kula, dada aliniambia kwamba hilo ndilo kosa lake la asubuhi. Programu yangu ilitembea naye na hakuna aliyeikagua. Akasema mtu mwenye nia mbaya angeweza kuandika programu ya kawaida kabisa, afiche ndani yake neno moja baya, halafu angoje tu mkubwa aiendeshe.

Alasiri hiyo aliondoa ruhusa ya jumla iliyokuwemo tangu mwanzo, iliyoacha programu ya mtu yeyote iazime nguvu zake. Kisha akaandika orodha fupi ya wale ambao programu zao zingeweza kuziazima. Nilitazama, jina langu halikuwemo. Nilikusanya ujasiri wote nilionao.

"Dada, na mimi?"

"Nakuamini wewe. Lakini nikikuweka hapa, nimeamini na programu utakayoandika mwaka ujao. Hiyo hata wewe huijui."

Iliniuma kidogo, nisiwadanganye. Halafu akanionyesha kwamba hata msaidizi wake, wa kazi ya miaka mingi, hayumo.

Saa kumi supavaiza alikuja, akasimama nyuma ya kiti. Dada aliiendesha programu yangu kwa jina lake mwenyewe. Ujumbe mwekundu ukatokea: imekataliwa. Hakuna kilichofutwa.

"Ngai! Imekukataa wewe, mwenye kompyuta?"

"Imekatazwa kutumia nguvu zangu. Hivyo ndivyo nataka."

"Na huyu akikosea?"

"Atafuta orodha ya upakiaji tu, na ataiandika upya kwa mkono wake, mbele yako."

Supavaiza alinigeukia. "Basi akae. Lakini ajifunze kuandika haraka."

Kuandika haraka bado sijajifunza, lakini kiti bado ni changu. Nimefikiria sana jinsi dada alivyoninyima ruhusa, na kwa kuninyima ndipo nikabaki. Sijui kama kwenu pia kuna mtu kama huyu, anayesema "mkague" getini hata kwa mtu anayemwamini. Kama yupo, tafadhali chukueni kalamu mniandikie habari zake. Hata mwandiko ukiwa mbaya kama wangu, nitausoma wote, polepole.