Meza ya Dobi Twiga

Mtaani walimwita Twiga, na aliyembandika jina hilo alikuwa mkewe, siku walipofungua duka la udobi na kusimama mlangoni, kichwa cha mke kikiishia kifuani pa mume. Meza ya pasi ilichongwa kwa kimo cha mke, maana pasi ilikuwa kazi yake. Twiga alifua uani.

Mke alipofariki, Twiga akaishika pasi. Meza hakuigusa. Aliinama juu yake mwaka nenda mwaka rudi, akifurahi kila alipopita kwenye kovu jeusi la ubao. Siku kovu hilo lilipotokea, Twiga alitoka uani amevaa suti ya mteja mfupi, mikono imemkomea viwikoni. Mkewe alicheka hadi akakaa chini, pasi akaisahau ikaunguza ubao.

Kisha maumivu yakaanza. Yalitoka kiunoni, yakapita nyuma ya paja, yakashuka hadi kisiginoni kama waya wa moto. Dole gumba la mguu likafa ganzi. Sasa alipiga pasi shati moja, akakaa kitako.

Hospitalini daktari alimwonyesha kwenye picha jinsi gegedu lililo kati ya pingili za mgongo lilivyochomoza na kubana mshipa wa fahamu.

"Basi nipasue, daktari. Hata kesho."

"Mbona haraka, mzee wangu? Wenzako wakisikia kisu wanatafuta mlango."

"Hataki meza ya mama iinuliwe," binti yake aliyemsindikiza akadakia. "Afadhali apasuliwe yeye."

"Wewe nani kakuuliza?"

Daktari akaweka picha chini. "Upasuaji upo, na huondoa kinachobana. Lakini mguu wako bado una nguvu. Wengi wenye hali kama yako hupata nafuu kwa dawa, mazoezi na muda. Mguu ukianza kulegea, au ukishindwa kuzuia haja, njoo mbio, siku hiyohiyo. Ila hata nikikupasua, ukirudi kuinamia meza ileile, tutaonana tena."

Njia nzima Twiga aliiwaza meza. Kuinua meza kulikuwa kama kumwambia marehemu kwamba nafasi yake imechukuliwa.

Jioni binti alileta vipande vinne vya mbao. Akaviweka sakafuni, akangoja.

"Mama yako angesemaje?"

"Angesema, 'We Twiga, umejikunja hivyo unatafuta sindano?'"

Twiga akacheka, mguu ukamkumbusha, akashika ukuta. "Haya, mwite fundi viatu wa jirani. Wewe na mimi hatuiwezi."

Meza ilipokaa sawa juu ya mbao, Twiga alisimama nyuma yake na kunyoosha mgongo. Miaka yote aliyoinama hapo aliona ubao na nguo tu. Sasa macho yake yalikwenda moja kwa moja hadi mlango wa uani, ukiwa wazi, na kule nje karai lake la zamani la kufulia, mahali palepale alipokuwa akisimama kufua.

"Kumbe alikuwa ananiona," alisema.

"Nani, baba?"

"Mama yako. Siku nzima ananiona, na mimi nikidhani nimejificha kuvuta sigara."

Binti akaangua kicheko. Mguu wa Twiga ulikuwa bado unawaka, na kesho mazoezi yalimngoja. Alivuta shati la kwanza, akalitandaza juu ya kovu.