Sufuria ya Darakasi

Binti yangu alikuwa mraibu wa gemu ya kujenga kwa vitofali, na mimi nilikuwa mraibu wa kumgombeza. Pale Mombasa, kila nikirudi kazini namkuta anachimba migodi isiyokuwepo huku hesabu za shule zinamsubiri. "Kazi hiyo ina mshahara?" namuuliza.

Aliyenisaliti ni mama yangu mzazi. Siku moja nilimkuta kavuta kigoda mbele ya kompyuta, miwani puani, anamwamrisha mjukuu wake kama fundi, kwa lahaja ya kwetu ambayo mtu ni mchu: "Msikiti uvute nyuma! Mchu akitoka kusali akanyage maji?" Walikuwa wanaijenga Darakasi, kisiwa chetu kule kaskazini mwa mpaka, tulichokikimbia kwa vita mimi nikiwa na miaka minane. Ufuo ulikuwa mweupe vile vile ninavyoukumbuka, nikaona wivu. Binti yangu hajawahi kufika huko, lakini alijua kisima kiko upande gani. Mimi nilipoulizwa nikakosea. Walinicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu hapo sijasema tena kwamba gemu haifundishi kitu.

Ilipofika zamu ya nyumba yetu, mama akasogeza kigoda nyuma. Nilijua kwa nini. Siku wenye bunduki waliposhuka kisiwani, alitukokota hadi ufuoni akaacha sufuria ya samaki motoni. Miaka yote hii, wenzake wakililia nyumba na mali, yeye huuliza lile lile: moto ule ulipanda kwenye makuti? Niliwaunguzia majirani nyumba zao? Hakuna aliyewahi kurudi na jibu.

Binti yangu akasimamisha kuta, akaezeka, akawasha moto jikoni, na juu yake akaweka kitofali cheusi kiwe sufuria. Gemu ile haina mzaha. Cheche moja tu, paa likashika.

"Maji, mwanangu! Maji!" Mama alikuwa amesimama, kigoda kimepinduka. Binti akamwaga ndoo baada ya ndoo, na mimi, adui mkubwa wa gemu, nikajikuta napiga kelele: "Kushoto! Kushoto kwa jirani!" Moto ukazimika. Paa letu lilibaki na tundu, nyumba za majirani zikapona.

"Tuezeke upya, Bibi?"

Mama aliketi, akapangusa miwani kwa ncha ya leso.

"Ngoja," akasema. "Kwanza epua sufuria."