Karatasi Isiyo na Donge

Wanawake wenzake pale Temeke waliletewa wake wenza, waliletewa ulevi wa tembo la mnazi, waliletewa mawifi wa kuwahesabia punje za mchele. Mwamvita yeye aliletewa karatasi. Na afadhali ingekuwa karatasi basi, akaiona, akaishika. Aliletewa maganda ya mti yanayonuka, majivu jikoni, matope uani, na mume aliyelowa miguu tangu asubuhi mpaka magharibi, na karatasi yenyewe hakuna.

"Jamani, mie nimemkosea nini Mungu?" alikuwa akiuliza, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Wenzangu waume zao wamerudi vitani na mablanketi. Wangu amerudi na ufundi wa adui!"

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mumewe, Mfaume, alikuwa seremala Chang'ombe kabla hajaingia keya, jeshi la Mwingereza, na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko risasi ilimpitia pajani, na alipopona wakamweka India alinde kambi ya mateka. Katika mateka hao alikuwamo Mjapani mmoja wa makamo ambaye kwao, ukoo mzima, kazi yao ni kutengeneza karatasi kwa mkono, zile laini zisizochanika ambazo watu wa huko huzibandika hata madirishani badala ya kioo. Mtu yule hakuweza kukaa bure. Akaomba magome ya miti, akaomba majivu ya jikoni, akaanza. Mfaume, bunduki begani, akawa anatazama. Kisha bunduki akaiegemeza ukutani akawa anasaidia. Mwisho akawa mwanafunzi. Lugha hawakuwa nayo. Mjapani alijua neno moja tu la Kiswahili, alilofunzwa na Mfaume mwenyewe: "Tena." Kila karatasi ambayo Mfaume aliitoa, yule bwana aliinyanyua juani, akaitazama kwa jicho moja, akasema "Tena," akairudisha majini. Karatasi njema ni ile isiyorudishwa. Ya Mfaume haikupata hata siku moja kuwa hiyo, na vita vilipokwisha akarudishwa Temeke kabla hajahitimu.

Lakini haya yote Mwamvita aliyasikia baadaye sana. Mwanzoni hakusikia lolote. Mtu aliyerudi alikaa barazani akatazama mikono yake. Ukimsalimu, jibu lilikuja umekwisha kusahau kama ulisalimia. Chakula alikigusagusa tu. Mwamvita alizungumza peke yake, akajiuliza, akajijibu, akacheka peke yake ili nyumba isionekane ina msiba. Alimpeleka kwa shehe akanyweshwa kombe la aya zilizooshwa, wapi! Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo ukimya ule ulikuwa wao wawili tu, nao ulimtisha kuliko miaka yote aliyomngojea.

Kisha siku moja, wakipita nyuma ya duka la Rahemtulla, Mfaume akasimama.

"Mti ule," akasema. Ulikuwa mforosadi, mali ya Rubabbai, mke wa Rahemtulla, aliyeuotesha kwa ajili ya matunda yake. "Gome lake linafaa."

Mwamvita alifurahi mno kusikia sentensi nzima, hata akaingia mwenyewe kumwomba Rubabbai matawi mawili. Mwenyewe! Kwa mdomo wake! Kila alipokumbuka jambo hilo baadaye alijipiga paja.

Kazi yenyewe ni hivi. Matawi yanapikwa kwa mvuke ili gome libanduke. Gome linakwanguliwa weusi wake, linachemshwa kwa maji ya majivu mpaka lilainike, linasuuzwa, linachambuliwa taka kwa vidole, kisha linapondwa kwa nyundo ya mti mpaka liwe nyuzinyuzi. Hizo nyuzi ndizo zinazotiwa ndani ya karai la maji na kuchotwa kwa kichungio, na utando unaobaki juu ya kichungio ndiyo karatasi. Ukisimuliwa hivyo utasema ni kazi ya maana. Sasa kaa nayo nyumba moja! Kuponda kulianza baada ya swala ya alfajiri, ta, ta, ta, majirani wakadhani Mwamvita anatwanga kisamvu cha harusi. Kichungio kilitaka njiti nyembamba zilizofungwa kwa uzi, basi ufagio mpya wa chelewa wa Mwamvita ukafumuliwa. Kukausha kulitaka ubao laini, basi mlango wa chumbani ukang'olewa, akawa analala na pazia. Rubabbai naye akaja, miwani puani, kanyaga kanyaga mpaka uani.

"Mwamvita, mumeo amenyoa mti wangu! Upara kabisa! Nilisema matawi mawili, mimi."

"Mama, mie nikwambie nini? Na mie amening'olea mlango."

Rubabbai akachungulia ndani, akaona kweli mlango hakuna, akageuka akaenda zake. Aliona mwenzake ameumia zaidi.

Na matokeo ya yote hayo? Madonge. Nyuzi zilizama chini ya karai zikajikusanya, na Mfaume akichota alipata kitu kama ukoko wa uji. Akikikausha, kinapasuka. Anachemsha upya.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa siku ya hitma ya shangazi yake Mwamvita. Watu wako njiani, mchele umechaguliwa, nyama ipo. Mwamvita anafunua sufuria kubwa ya pilau, anakuta magome yanatokota kwa majivu. Hakupiga kelele mara moja. Alifunika. Akafunua tena, akidhani labda ni macho yake. Kisha Temeke ikamsikia.

"Sufuria ya marehemu mama yangu! Mfaume, nimechoka! Nimechoka na wewe, na Mjapani wako, na madude yenu! Nisikilize. Karatasi ya kwanza njema itakayotoka kwenye karai hilo, hiyohiyo, niandikie talaka yangu!"

Kaka yake, Marijani, alikuwa amekwisha kufika, amesimama uani na mzigo wa kuni. "Umesikia, shemeji?" akasema, nusu mzaha.

Mfaume hakuwa mtu wa mzaha. "Nimesikia. Wallahi, ikitoka karatasi njema nitamwandikia kama alivyotaka."

Basi. Kiapo kimeliwa, shahidi yupo. Kabla wageni hawajanawa mikono, Mwamvita alikuwa anajuta. Lakini amwambie nini mwanamume aliyeapa mbele ya shemeji yake? Kwamba ilikuwa hasira ya sufuria? Na yeye alikuwa na kiburi chake, hakukipata kwa mtu. Akarudi jikoni kusugua sufuria. Ila tangu siku hiyo, kila karai lilipotoa madonge, Mwamvita alilaani kwa sauti na kushukuru moyoni.

"Kuna kitu nimekisahau," Mfaume alikuwa akisema wakila. Na haki isemwe: siku hizo alikuwa anasema, kutwa nzima, ijapokuwa habari ni hiyohiyo. "Yule bwana alikuwa na ndoo, kaifunika kitambaa. Kabla ya kuchota anamimina upawa mmoja. Maji yanateleza, nyuzi zinaelea, hazizami. Mie nilidhani wanga."

Alijaribu wanga wa muhogo. Akajaribu ute wa mayai, na mayai ya nani kama si ya kuku wa Mwamvita. Akajaribu gundi ya mkorosho. Madonge.

"Hicho kitu kilikuwaje hasa?" Mwamvita akamwuliza mara moja, kwa kuchoka tu, ili mazungumzo yaishe.

"Kinavutika. Ukiinua upawa kinakufuata, hakikatiki. Alikuwa akiponda sijui mizizi gani, alfajiri, kabla ya zamu yangu."

Mwamvita akalirudisha tonge sahanini. Kinavutika, hakikatiki! Mwanamke gani wa pwani hii asiyekijua kitu hicho? Si mlenda huo! Si ute wa bamia, uliokuwa ukimdondoka Mfaume kidevuni tangu wameoana, maana ndiyo mboga aipendayo kuliko zote! Amekula bamia maisha yake yote, na hajapata kusogea jikoni akaona zinakuwaje kabla ya kufika sahanini. Wanaume hawa, ukiwaacha na chungu utawakuta wanakitazama.

Hakusema. Angesemaje, na talaka iko ndani ya karai? Na tangu siku hiyo bamia hazikupikwa tena katika nyumba ile. Mfaume akiziulizia, mara zimeingia wadudu, mara za mwaka huu chungu, mara zinamletea Mwamvita kiungulia. Mibamia iliyoota yenyewe karibu na kisima aliing'oa akawapa mbuzi wa jirani.

Mvua za vuli zilipoanza, Mfaume aliacha kazi. Hakusema ameacha. Asubuhi moja nyundo haikusikika, na Mwamvita akaamshwa na kimya chenyewe. Alimkuta barazani, kichungio kimevunjika miguuni pake, anatazama mikono yake.

"Leo hupondi?"

Jibu lilikuja Mwamvita amekwisha kufagia uwanja mzima. "Siwezi," akasema Mfaume.

Mwanzoni Mwamvita alisema alhamdulillahi. Alimwita Marijani akamrudishia mlango, akasugua sufuria zake moja moja. Lakini chakula kikaanza kurudi jikoni kilivyokwenda, naye akajikuta anajiuliza na kujijibu kama zamani. Akamchokoza: "Rubabbai anasema mti wake umechipua." Kimya. Akamtukana Mjapani wake tusi ambalo zamani lingeleta ugomvi wa kutwa. Kimya. Ikamjia Mwamvita, akiwa ameshika sahani ya wali usioguswa, kwamba amekwisha kuachwa, tena bila hata karatasi.

Hapo hasira zikampanda ambazo hajapata kuziona. Akachukua kikapu akaenda sokoni, akanunua bamia mpaka muuzaji akamwuliza kama ana shughuli. Akarudi, akakaa uani, akazikata, akazitia maji, akazipekecha kwa upekecho, machozi na kamasi vinamtoka.

"Yaani hata kuachwa nijipikie mwenyewe!" alikuwa akisema. "Wenzangu talaka wanaletewa, mie yangu niisimamie jikoni! Ah! Mungu nione!"

Mfaume alikuwa amesaza donge la nyuzi zilizopondwa, limekaukia juu ya ukuta. Mwamvita akaliloweka, akalitia ndani ya karai la maji, kisha akamwaga humo bamia zote, pwaa.

"Mfaume! Njoo hapa! Njoo uone kilichokuwa ndani ya ndoo ya bwana wako!"

Alikuja polepole, akiburura mguu. Akaingiza mkono majini. Alipouinua, maji yalimfuata, yakavutika, hayakukatika. Na nyuzi zilielea, zimetawanyika kote, hakuna hata moja iliyozama. Aliutazama mkono wake, kisha akamtazama mkewe.

"Ulijua?"

"Najua kupika."

"Tangu lini?"

"Funga kichungio chako, usinichoshe!"

Mlango ukang'olewa tena. Karatasi ya kwanza ilikauka juu yake, na Mfaume akaibandua, akaipeleka jikoni kwa mikono miwili. Kalamu na wino alikwisha kuviweka tayari barazani. Mwamvita alivipita asubuhi, akageuza uso.

"Itazame wewe," akasema Mfaume. "Niliapa iwe njema, na mie bado mwanafunzi, siwezi kujihukumu."

Mwamvita akainyanyua juani. "Imejaa mbegu za bamia. Utaandika talaka kwenye mboga?"

Mfaume akatazama, akakubali, akairudisha majini. Safari hii ute aliuchuja kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kanga ya Mwamvita, doti mpya.

Karatasi ya pili ilikauka siku ya jua kali. Mwamvita alipoipokea aliona nyepesi, kama hajashika kitu. Akaivuta pembe, haikuchanika. Akainyanyua, na jua likapita sawasawa kila mahali. Akatafuta. Alianza pembeni, akaingia katikati, akarudi pembeni, anatafuta kama mtu anayechagua mchele wa wageni, na kadiri alivyokosa ndivyo moyo ulivyozidi kumdunda. Haikuwa na mbegu. Haikuwa na tundu. Mfaume alikuwa amesimama mbele yake, kalamu sikioni kama zamani za useremala.

"Ina donge," akasema Mwamvita.

"Wapi?"

"Hapa."

Mfaume akasogea, akatazama kidole, akatazama karatasi. "Silioni."

"Bamia umekula maisha yako yote hukuziona, leo utaona donge?" Sauti ilianza kwa ukali, ikamkatikia njiani. Machozi yakamtoka, naye akazidi kuudhika kwa ajili ya machozi. "Nimesema ina donge, Mfaume! Karatasi mbovu! Irudishe!"

Mfaume akarudisha macho kwa mkewe. Kisha akaitoa kalamu sikioni akaiweka chini, akaichukua karatasi mikononi mwake taratibu, akaizamisha ndani ya karai mpaka ikalowa na kuanza kulegea.

"Tena," akasema.

"Tena," akaitikia Mwamvita, akijifuta uso kwa ile kanga yenye ute. "Na mlango wangu uurudishe leo leo."