Kompyuta ya Ambindwile Ilivyoganda

Mdogo wangu Ambindwile alikuwa dereva wa lori la majani ya chai. Kiwanda kilipouzwa kwa wenye fedha, watu walipunguzwa na yeye akapunguzwa, akarudi hapa Masukulu kulima migomba. Mkewe akafa. Halafu kiharusi kikamchukua miguu yote. Nikahamia kwake mimi dada yake. Watu walisema bibi kizee atamwezaje mgonjwa mzito hivi. Nimemweza.

Ambindwile alikuwa analala kutwa anatazama ukuta. Mwanawe Nsajigwa, aliyeko Dar es Salaam, akamletea kompyuta, ikawekwa kwenye meza pale kichwani pa kitanda. Aliyeitengeneza ni mkewe Nsajigwa, Atuganile, ambaye ni fundi wa mambo hayo. Hakuweka Windows kama watu wengine, aliweka Linux, alisema haishikwi ovyo na virusi. Ilikuwa na mchezo wa karata, na mwingine wa ndege mnene asiyeruka, anayeteleza kwa tumbo juu ya barafu. Mikono ya Ambindwile ilikuwa mizima. Alimwendesha yule ndege kama lori kwenye mteremko, anamtukana, anamsifu. Nyumba ikapata sauti ya mtu.

Mwezi wa sita ikaanza kuganda. Akicheza karata haina neno. Akimgusa ndege, kitambo kidogo tu picha inasimama, ndege tumbo chini, kishale nacho hakisogei. Nazima ukutani, nawasha, inaganda tena. Ambindwile akaurudia ukuta wake. Uji akaukataa.

Nikaenda dukani kwa Mrisho kupiga simu. Nsajigwa akasema kazi haimruhusu, ila mkewe ana likizo, atakuja.

Akaja. Sasa sisi Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami, jina lake halitaji. Vijana siku hizi wanaruka tu. Mimi siruki. Na Ambindwile wa kutoka kitandani siye.

"Shangazi, niingie kidogo tu," Atuganile akasema pale jikoni, mfuko wa vifaa begani. "Nitajifunika uso."

"Ujifunike uso, utengeneze kwa pua?"

"Sasa tufanyeje?"

"Simama nje dirishani, uniambie. Mikono ninayo."

"Hii siyo kukamua ng'ombe, shangazi."

"Ng'ombe anapiga teke. Hiyo inapiga?"

Tukafungua dirisha, tukashusha pazia. Akasimama nje na mwavuli, manyunyu yanamlowesha miguu.

"Mwambie baba acheze mpaka igande."

Ambindwile akacheza. Ikaganda.

"Bonyeza kitufe cha herufi kubwa, kiko pembeni kushoto. Kuna taa ndogo ya kijani inawaka na kuzima?"

"Haiwaki wala nini."

"Basi imekufa mashine nzima, siyo mchezo peke yake. Karata haziichoshi. Ndege ndiye anaichosha, inapata joto. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wake."

Nikafungua. Akanielekeza mpaka kwenye feni ndogo, pana kama kisosi cha chai, akasema niizungushe kwa kidole.

"Haizunguki. Imejaa majivu."

"Majivu ya wapi, shangazi?"

"Ya jiko la mkaa."

"Jiko mnaliweka wapi?"

"Hapa, kati ya kitanda na kompyuta. Baba yako alisema nayo ipate joto, baridi hii itaiua."

Atuganile alicheka mpaka mwavuli ukagonga ukuta. Ambindwile akainua kichwa. "Anacheka nini?"

"Anakucheka wewe."

"Mwambie hata lori tunalipasha asubuhi."

Nikamwambia, ingawa masikio anayo.

"Mwambie baba lori halipashwi kwa kuwashiwa moto ubavuni."

Ambindwile akacheka mpaka akakohoa. Tangu mkewe afe sijamsikia hivyo.

Nikapangusa majivu kwa unyoya wa kuku, nikatia tone la mafuta ya cherehani, feni ikazunguka. Jiko nikalihamishia miguuni karibu na mlango. Ndege akateleza mlima wote bila kusimama.

Kesho yake naitwa. "Dada! Imeganda!"

Nikaingia. Ndege anateleza vizuri kabisa. Ambindwile ananitazama machoni.

"Mwite," akasema.

Sikubishana. Nikatoka. "Mkamwana, imeganda tena."

Akaja dirishani kuuliza maswali yake. Ambindwile akanipa uongo, nikaupeleka. Maswali ya feni yakaisha, Atuganile akauliza kama ni kweli baba aliwahi kushusha lori la chai bila breki. Ambindwile akaeleza kona kwa kona. Mara nikaona hawanipitii tena, wanaongea wenyewe kupitia pazia. Nikakohoa. Wakanirudia.

Iliganda hivyo kila siku mpaka likizo ikaisha.

Siku ya kuondoka akaja dirishani na begi. "Shangazi, mwambie baba naondoka. Asisogeze jiko."

"Mwambie ndaga," Ambindwile akasema. Ni asante kwa lugha yetu. Tukasikia viatu vya mkamwana vinapita kwenye tope kwenda barabarani.

Baadaye sana akaniuliza, "Ni mrefu?"

"Mrefu kiasi."

"Anafanana na nani?"

Nikatafuta wa kumfananisha naye, nikamkosa. "Ana mwanya," nikasema.

"Mwanya," akarudia.

Mtu akiniuliza leo, nasema tulifanya kama inavyopasa, na mkamwana alijiheshimu. Kompyuta ni nzima. Naipangusa, naiwasha asubuhi, ndege anasimama pale juu ya mlima anangoja. Ambindwile hamgusi.

"Imepona hii," namwambia.

"Naiona."

Ukuta hautazami tena, analala upande wa dirisha. Jioni ukungu ukishuka naenda kulifunga, baridi isimwingie kifuani. Ananishika mkono, anasema niliache kidogo.